Kidoti Anataka Kishikio

Baba Kidoti alikuwa fundi bomba, na kazi iliyomjengea jina ilikuwa ya vyoo. Choo kikiziba, kikivuja, tangi likigoma kujaa, watu walimtafuta yeye. Alikuwa akipapasa bomba gizani, chini ya sinki la mtu, akakwambia limelegea wapi kabla hujamaliza kumweleza tatizo. Kwa hiyo mkewe alipomtania kwamba mwanawe wa kumzaa anakimbia choo kama paka aliyeona beseni la maji, alicheka, lakini ilimchoma kidogo.

Kidoti alikuwa binti yao wa pekee, wa miaka miwili na ushee. Jina hilo lilitokana na alama nyeusi aliyozaliwa nayo juu ya mdomo, na lilimkaa hata jina lake lenyewe likabaki la kwenye kadi ya kliniki tu. Alikuwa mtoto wa maneno mengi na msimamo mkali. Nepi hakuzitaka: alizivuta mwenyewe na kuzitupa nyuma ya kochi. Choo nacho hakukitaka. Katikati ya hayo mawili kulikuwa na sakafu, na sakafu ndiyo iliyopata taabu.

Aliyepata taabu zaidi ya sakafu alikuwa Bibi, mama mzazi wa Mama Kidoti. Alihamia kwao baada ya kuanguka na kuvunjika nyonga. Alipasuliwa, akawekewa chuma, akafundishwa upya kutembea kwa fimbo. Mama Kidoti alikuwa akishona sare kiwandani na aliondoka asubuhi. Baba Kidoti aliondoka kila simu ilipoita. Mchana nyumba ilibaki ya bibi na mjukuu, na walielewana vizuri, mmoja akitembea polepole kwa sababu ya nyonga na mwingine kwa sababu kila kitu njiani lazima akishike. Tatizo lilikuwa kuinama. Kumbadilisha nepi mtoto anayejipindua kama samaki kunataka mgongo, magoti na nyonga kwa pamoja, na Bibi alibakiwa na mgongo tu.

"Huyu sasa akae kwenye poti," alimwambia bintiye. "Mimi nitamsimamia. Ila mnitafutie kitu cha maana."

Kazi ya kutafuta ikamwangukia fundi wa nyumba. Nani mwingine?

Poti ya kwanza aliinunua akiwa njiani kutoka kazini, bila kufikiri sana. Ilikuwa na umbo la gari, ina usukani mbele, na ukiikalia inaimba. Kidoti aliipenda papo hapo. Aliiendesha sebule nzima akiwa na nepi yake mwilini, akimpigia honi kila aliyekatiza. Lakini kila walipomvua na kumketisha ili afanye kazi iliyokusudiwa, muziki ulianza, naye akainuka kucheza. Mwisho akawajaza humo wanasesere wake, akawa anawapeleka mjini.

Bibi aliitazama kwa muda. "Huu ni usafiri," alisema. "Poti bado hatujanunua."

Mara ya pili Baba Kidoti alileta kiti kidogo cha plastiki, kile cha kupachika juu ya choo cha wakubwa. Hakupima. Alikitazama tu dukani akajiambia kitakaa. Choo chao kilikuwa na umbo la yai, kiti kilikuwa duara. Kidoti akapandishwa juu yake, miguu ikining'inia, mama yake akamshika kwapani, na alipomwachia kidogo tu, kiti kikateleza pembeni. Mtoto akazama nusu. Katika kutapatapa, kiwiko cha mama yake kikagonga mpini wa kuvutia maji, choo kikanguruma chini ya mtoto kama gari moshi.

Kuanzia hapo Kidoti hakuusogelea hata mlango. Tena ukaja ubaya mwingine: akaanza kujizuia. Tumbo likawa gumu, chakula akawa anakichezea tu, na alipozidiwa alilia kwa uchungu. Wazazi wake wakampeleka kliniki. Muuguzi alimpapasa tumbo, akaagiza matunda na maji kwa wingi, kisha akawageukia wazazi.

"Msimlazimishe. Mwacheni kwanza asahau. Halafu mtafute kitu ambacho nyayo zake zinafika chini. Baba, ungekalishwa wewe juu ya ukuta miguu ikining'inia, na watu wamekuzunguka wanakukodolea macho, ungeweza?"

Baba Kidoti akakiri kwamba asingeweza.

"Vyoo vya mji mzima unapima," Mama Kidoti alimwambia njiani wakirudi. "Cha kwako umekisia."

Alimpokea mtoto, akambeba hadi nyumbani.

Tumbo la Kidoti lilipotulia, Bibi alitangaza: "Safari hii naenda dukani mwenyewe."

Ilikuwa Jumamosi, na Mama Kidoti alikuwa zamu. Kwa hiyo aliyempeleka alikuwa mkwe wake, kwa gari lake dogo la kazi lenye mabomba nyuma, Kidoti akiwa katikati yao akiuliza kila kitufe kina kazi gani. Hapo inafaa kusema kwamba Baba Kidoti na mama mkwe wake waliheshimiana mno, kiasi kwamba walikuwa karibu hawana la kuzungumza. Walisalimiana, wakaulizana habari za kazi na za mvua, wakahamia kwa mtoto, basi. Neno "choo" halikuwahi kupita kati yao, ingawa ndilo lililomlisha yeye na familia yake. Bibi akiingia bafuni, mkwe wake alitoka nje na kukagua matairi ya gari. Matairi yale yalikuwa yamekaguliwa kuliko ya ndege.

Dukani poti zilikuwa zimepangwa rafu tatu. Muuzaji, dada mmoja aliyechomeka kalamu kwenye nywele, alianza kuzisifia moja moja, lakini Bibi alimkatiza kwa upole, akaegemeza fimbo kwenye rafu na kuanza kazi. Ya kwanza aliikandamiza ukingo kwa kiganja, ikainuka upande wa pili. "Hii inacheza." Ya pili aliipitisha kidole kuizunguka. "Hii ina ukali hapa, itamkata mapaja." Ya tatu bakuli lake lilikuwa limeungana na kiti. "Na hii nitaimwagaje? Niibebe mzimamzima kama sinia la harusi?"

Muuzaji akacheka, akaenda nyuma, akarudi na poti ya kijani kibichi isiyo na picha wala muziki. Kitako chake kilikuwa kipana na kina mpira chini. Mgongo wake ulipanda juu kidogo, na bakuli lilichomolewa kwa juu, kwa mkono mmoja. Bibi aliisukuma. Haikuteleza. Akachomoa bakuli, akalirudisha, akachomoa tena.

"Kidoti, njoo ukae."

Kidoti aliizunguka kwanza kama mtu anayenunua ng'ombe. Kisha akakaa na nguo zake zote. Nyayo zikatua sakafuni, magoti yakapanda kidogo kupita nyonga. Akaweka mikono magotini, akawatazama wote watatu.

"Kiti changu hiki," akasema. Ikawa imeisha.

Bibi akataka pia kigoda, cha mtoto kupandia anaponawa mikono, na cha kuwekea miguu siku atakapohamia choo cha wakubwa. Muuzaji akaleta chepesi chenye maua. Bibi akakikataa. "Nataka ambacho hata mimi nikikikanyaga hakipasuki." Wakapata kimoja cha mbao nzito, kina mpira kwenye miguu yote. Na Baba Kidoti, ambaye safari hii alikuja na futi mfukoni, alichagua kiti cha kupachika chenye umbo la yai, akakipima urefu na upana mara mbili huku Bibi akimtazama.

Walipokuwa wakienda kulipa walipita penye vifaa vya bafuni vya watu wenye shida ya kuinuka: vishikio vya chuma vya ukutani na viti vya kuinulia choo. Bibi akapunguza mwendo.

"Mama, hivi navyo ni vizuri sana," muuzaji akasema kwa sauti ya kibiashara iliyofika mpaka mlangoni. "Wazee wanavipenda."

"Wazee gani?" Bibi akauliza. "Mwambie huyo mzee aje mwenyewe. Mimi nimemleta mtoto."

Watu wakacheka, na Bibi akacheka nao. Lakini Baba Kidoti, aliyekuwa nyuma yake na poti kifuani, aliuona mkono wake. Ulikuwa umekishika kishikio kimoja cha maonyesho, umekikaza, na ulikaa pale muda mrefu kuliko ule mzaha. Alitaka kusema kitu. Akapanga foleni.

Poti ya kijani iliwekwa sebuleni, kando ya kiti cha Bibi, na hakuna aliyemlazimisha mtu. Kidoti aliikalia akila ndizi, aliikalia akimnyonyesha mwanasesere, na baadaye, asubuhi ambazo Bibi alimwacha bila nepi, aliikalia bila kitu. Alikaa, akasubiri, akachoka, akainuka, akakojoa pembeni yake.

"Karibu sana," Bibi alimwambia. "Ulikuwa karibu sana."

"Karibu," Kidoti akajibu, akidhani wanapokea mgeni.

Mambo yalikuwa yamefika hapo, mchana mmoja Baba Kidoti aliporudi nyumbani ghafla kuchukua spana kubwa aliyoisahau. Nyumba ilikuwa kimya. Sebuleni hapakuwa na mtu. Alimkuta Kidoti kwenye ujia, amekaa sakafuni mbali kidogo na mlango wa choo, amejikunyata.

"Bibi amekwama," Kidoti akasema.

Mlango ulikuwa umerudishiwa tu, haukuwa umefungwa komeo.

"Nani huyo?" sauti ya Bibi ikatoka ndani.

"Ni mimi, Mama." Kisha, kwa sababu hakujua la kusema na mdomo ulikuwa umeshafunguka, akaongeza, "Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Habari za kazi?"

"Nzuri tu, Mama. Za hapa nyumbani?"

"Za hapa," Bibi akasema taratibu, "siyo mbaya sana."

Baba Kidoti akageukia ukuta, uso ukikaribia kugusa rangi. "Umeumia, Mama?"

"Sijaumia. Nimeshindwa kuinuka tu. Miguu imekufa ganzi."

"Nimpigie simu Mama Kidoti?"

"Aache mashine aje kwa ajili ya hili? Hapana."

"Basi nimwite mama wa nyumba ya pili."

"Usithubutu."

Alimsikia akijaribu: pumzi ikivutwa, kandambili zikikwaruza vigae, kisha mwili ukirudi chini kwa uzito. Choo kile alikiweka yeye mwenyewe. Alijua kilivyo kifupi, na alijua ukuta wa kando yake ulivyo laini, vigae vitupu hadi juu. Alikuwa amejivunia vigae vile. Na mengine yakaanza kujipanga kichwani mwake: chupa ya chai aliyoikuta imejaa kila alasiri, bilauri ya maji isiyoguswa, kizunguzungu alichomlalamikia bintiye. Mama mkwe wake hakuwa anashinda na kiu kwa kukosa maji. Alikuwa anajinyima asiwe na sababu ya kuingia humu.

"Fimbo iko wapi, Mama?"

"Imeangukia kule mlangoni. Siifikii."

Akachuchumaa mbele ya bintiye. "Kidoti, unaweza kumpelekea Bibi kigoda chako?"

Kidoti akautazama mlango. Tangu siku ile ya kuzama hakuwahi kuuvuka. "Choo kitanguruma."

"Hakitanguruma. Bibi hatagusa."

"Sitagusa, mjukuu wangu," Bibi akasema kutoka ndani. "Nakusubiri wewe tu."

Kigoda kilikuwa kizito kwake. Alikiburuta kutoka sebuleni kikipiga kelele sakafuni, akasimama mlangoni, akavuta kamasi, akausukuma mlango kwa kigoda chenyewe, akaingia. Baba yake alibaki na uso ukutani na macho ameyafumba.

"Kiweke upande wa mguu ulio mzima, Mama," alisema. "Mkono mmoja juu yake. Sogea mbele kwanza, mbele kabisa. Nyayo uzirudishe nyuma. Sasa egemea mbele, kama unayetaka kuchungulia chini ya meza, ndipo usukume."

"Na fimbo hii, Bibi," sauti ndogo ikasema.

"Ahsante. Shika hapohapo."

Pumzi ikavutwa tena. Kigoda kililia, lakini hakikusogea. Kisha Baba Kidoti akasikia fimbo ikigota kwenye vigae, na mfereji ukifunguliwa, na bibi na mjukuu wakinawa mikono.

Bibi alitoka amejifunga khanga yake vizuri na uso mkavu. "Umerudi mapema."

"Nilisahau spana, Mama."

"Iko wapi?"

"Sijui."

"Basi itafute."

Alitoka nje, akaingia ndani ya gari. Spana ilikuwa chini ya kiti.

Jioni walikula wote wanne. Hakuna aliyetaja kitu, na Mama Kidoti alikuwa akisimulia habari za msimamizi wao kiwandani. Alipomaliza, Bibi alimpangusa mtoto mdomo na kusema, bila kumwangalia mtu mwingine:

"Baba Kidoti."

"Naam, Mama."

"Kidoti anasema angependa kishikio pale ukutani. Kule chooni."

Mama Kidoti akacheka. "Kidoti huyu? Si hata kuingia haingii!"

"Ameanza leo," Bibi akasema.

Baba Kidoti aliweka kijiko chini. "Angependa kiwe urefu gani?"

"Anasema kiwe usawa wa kiwiko chake, akiwa amekaa."

"Kiwiko cha Kidoti."

"Ndiyo. Ila watoto wanakua. Kiweke kama vile ameshakua."

Mama Kidoti akaacha kutafuna. Alimtazama mama yake, akamtazama mumewe, na safari hii hakucheka.

"Na kile choo chenyewe," Baba Kidoti akauliza kwa uangalifu, kama mtu anayefungua koki ya zamani, "Kidoti hakioni kifupi?"

Bibi alimtengenezea mjukuu wake kola ya gauni ambayo haikuwa na kasoro yoyote. "Anakiona," akasema. "Hakutaka tu kukusumbua."

Kesho yake fundi hakupokea simu ya mteja. Alirudi kwenye duka lile, akanunua vishikio viwili na kiti cha kuinulia choo. Alipotoboa kigae cha kwanza akagundua ukuta nyuma yake ni tofali la tundu, skrubu haishiki. Wengine wangejaza gundi wakaondoka. Yeye aliondoa vigae vile alivyojivunia, akapachika ubao mgumu ndani ya ukuta, akaukaza, akafunika, ndipo akafunga vishikio. Kisha akaning'inia kwenye kila kimoja kwa uzito wake wote, na yeye hakuwa mtu mwembamba. Havikutikisika.

"Kidoti aje ajaribu," alisema kwa sauti, akatoka nje upesi. Uani akawasha drili na kuitoboa hewa, apate kelele za kumsitiri anayejaribu, mpaka jirani akachungulia juu ya ukuta kuuliza anatengeneza nini.

"Naipasha moto," akajibu.

Mama Kidoti aliporudi alisimama mbele ya kile kiti kipya kwa muda, akakishika kishikio kama mama yake alivyokishika kile cha dukani. "Kwa nini hakuniambia mimi?"

"Hajamwambia mtu," mumewe akasema. "Kidoti ndiye aliyesema."

Mkewe akamgonga begani kwa ngumi, siyo kwa nguvu, kisha akakiegemeza kichwa pale pale alipopiga.

Poti ya kijani ikahamishiwa chooni, ikawekwa mkabala na kiti cha Bibi. Hilo Kidoti alilitaka mwenyewe. Hakuona kwa nini Bibi awe na kiti kule na yeye akae sebuleni peke yake. Kila baada ya chai ya asubuhi waliingia pamoja, na mlango ukarudishiwa, na humo ndani zikasikika hadithi, vicheko, na mabishano kuhusu nani anamaliza kwanza. Mpaka asubuhi moja mabishano yakakatika ghafla. Ikasikika sauti nyembamba, ya maji yakigonga plastiki.

Kidoti aliinuka, akageuka, akachungulia bakuli kwa mshangao.

"Imetoka kwangu!"

Bibi akapiga kigelegele. Baba Kidoti alikuja mbio na mikono ina sabuni, akasimama ghafla kwenye ujia alipokumbuka ni wapi anaelekea, akarudi nyuma, akapiga makofi kutoka sebuleni.

Haikuwa imeisha siku hiyo. Kochi liliendelea kuloa mara kwa mara, na kuna wiki nzima Kidoti alipogoma bila sababu aliyomwambia mtu. Usiku nepi ilibaki, na hakuna aliyeona haraka ya kuivua. Lakini tumbo halikurudi kuwa gumu. Bibi naye rangi ya uso ikarudi, kizunguzungu kikaisha, na akaanza kwenda dukani kwa miguu yake, kitu ambacho hakuwa amefanya tangu aanguke.

Asubuhi moja mgeni alikuwa amekaa sebuleni, mama wa nyumba ya pili aliyekuja kuazima mwiko. Bibi akatoka ndani na fimbo yake.

"Baba Kidoti," akasema, "kile kiti cha choo kinanibana upande wa kulia. Kakitazame."

Mama Kidoti akainua macho. Baba Kidoti alikwenda kuchukua bisibisi. "Kinakubana mbele au nyuma, Mama?"

"Nyuma. Na usinifungie kwa kukisia."

Mwezi uliofuata walifunga safari kumwona dada wa Bibi, mwendo wa nusu siku kwa gari. Bibi alikaa mbele na chupa ya maji mapajani, akanywa njia nzima kila alipojisikia. Nyuma, kati ya mabomba, Mama Kidoti alikuwa ameweka nguo za kubadilisha, nyingi kupita kiasi. Mahali fulani penye nyasi Kidoti alipaza sauti kwamba tayari. Baba yake akaegesha pembeni, akashusha poti, akaikandamiza ardhini mpaka ikatulia, akamketisha nyuma ya gari akiitazama barabara. Lori likapita polepole, dereva akapiga honi. Kidoti akampungia mkono kwa heshima zote, bila kuinuka.